Kirsty Anataka Pai

Benchi la mbele ya dirisha la chai la Glenys, nje ya soko la Accrington, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, linatosha watu wanne wasiochukiana sana. Kushoto hukaa Norris Pilling, dereva mstaafu wa basi, anayeitwa Breki kwa kuwa hajawahi kuyaacha mazungumzo yaende bila kuyakanyagia. Katikati hukaa Aslam, fundi wa mabomba na majiko ya gesi. Jina lake la hapo ni Spana, na kila asubuhi hupitia kwa dakika tano ambazo humaliza chai tatu. Glenys mwenyewe hana nafasi kwenye benchi, lakini nusu ya maneno yote yanayosemwa hapo ni yake, maana birika ni lake. Na kulia, pale mvua inapopenya chini ya turubai, hukaa Dominic Haworth, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyekwenda chuo kikuu miaka mitatu akarudi nyumbani na digrii ya historia. Wanamwita Msomi, na siku hizi jina hilo linamuuma. Jumanne hiyo alikuwa na simu mfukoni, na ndani ya simu barua iliyotaka jibu kabla ya saa sita mchana. Hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake.

Saa nne na nusu akapita Kirsty Entwistle, jirani yake Dominic, ukuta kwa ukuta tangu wakiwa watoto. Alikuwa amevaa koti la kiofisi na viatu ambavyo vilionekana wazi havijamzoea.

Kirsty: Habari za benchini?

Glenys: Nzuri, mpenzi. Umependeza! Nani kafa?

Kirsty: Hajafa mtu, mama. Leo ndiyo mwisho. Mtahini anatoka nje ya kampuni, tunakaa saa moja na nusu, namweleza kazi zangu zote za miaka minne. Nikipita, nimemaliza digrii. Niombeeni.

Spana: Tutakuombea. Ukikwama, kohoa. Mimi nilipokuwa nakwama nilikohoa, mtahini akaniletea maji, jibu likanijia.

Kirsty akacheka, kisha akainama kidogo upande wa Dominic.

Kirsty: Dom, umejibu?

Dominic: Bado.

Kirsty: Saa sita, usisahau.

Akaondoka akiruka madimbwi, kuelekea kiwanda cha zamani cha nguo ambacho sasa ni ofisi za Mabasi ya Thornclough. Benchi zima likamgeukia Dominic.

Breki: Umejibu nini?

Dominic: Mwaliko. Harusi ya binamu yake.

Glenys: Binamu yupi? Wale wote nawajua.

Dominic: Wa Preston.

Glenys: Aah, wale wa Preston.

Ikapita hivyo. Ukitaka kuficha jambo Accrington, lipeleke Preston.

Breki: Sasa kwa kuwa kaenda zake, niseme. Mimi yule binti nampenda, lakini ile digrii yake inanisumbua tumbo.

Spana: Wewe hata mvua inakusumbua tumbo.

Breki: Nisikilize! Msomi hapa alikwenda chuoni miaka mitatu. Kala tambi za pakiti, kalala kwenye chumba chenye ukungu, karudi kakonda. Hiyo ni elimu. Yule mwingine siku nne yuko kazini analipwa, siku moja yuko chuoni, na ada analipiwa na kampuni. Jioni anakula kwa mama yake. Digrii gani hiyo ya kushiba?

Glenys: Wahenga walisema, elimu haina mwisho.

Breki: Ndiyo maana elimu ya Msomi haikumfikisha popote.

Dominic akanywa chai yake. Alijua angepaswa kukasirika, lakini ukweli ni kwamba masikio yake yalikuwa yakifurahi. Kila Kirsty aliposemwa vibaya, alihisi kama mtu aliyekunwa mgongoni pale pasipofikika kwa mkono. Alikuwa anamwonea wivu Kirsty. Si ule wivu wa mzaha, bali kijicho chenyewe, kile kinachomfanya mtu azime taa ya jikoni ili jirani asijue yuko nyumbani.

Spana: Uanagenzi mimi naujua, mniulize mimi. Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Siku ya kwanza bosi kanituma dukani nikalete rangi ya mistari. Kopo moja, mistari myekundu na ya kijani.

Glenys: Maskini.

Spana: Nikaenda! Mwenye duka kaniangalia, kasema imekwisha, jaribu duka la pili. Duka la pili wakanituma la tatu. Nimezunguka mji huu mpaka jioni, mvua inaninyeshea, narudi mikono mitupu, karakana nzima imelala chini kwa kucheka. Ndivyo mtu anavyokuwa fundi. Kirsty walimtuma nini siku ya kwanza?

Dominic: Walimpa kiti kinachozunguka. Na kompyuta mbili.

Spana: Kiti kinachozunguka! Mimi nilikalia ndoo miaka minne, na sikupewa hata cheti cha ndoo.

Breki: Mimi nimeendesha magari ya Thornclough miaka thelathini na mmoja. Siku ya kustaafu wakanipa saa ya ukutani, na ilikuwa inachelewa.

Glenys: Basi si ilikuwa inafuata basi lako?

Wakacheka, Breki akiwa wa mwisho. Mwanamke mmoja mwenye koti la mvua la manjano alikuwa amefika dirishani kuomba chai. Gari lake lilikuwa gereji ya jirani, likikaguliwa kama yanavyokaguliwa yote kila mwaka, na akaambiwa arudi baada ya saa nzima. Glenys akampa kikombe na nafasi ya nne ya benchi. Akakaa na kusikiliza, kama anavyofanya mgeni yeyote mwenye adabu.

Breki: Nawaambieni siri. Kompyuta siku hizi zinajiendesha zenyewe. Kirsty hafanyi kitu pale.

Spana: Sasa wamemwajiri wa nini?

Breki: Wa kulaumiwa! Kompyuta ikiharibika haiwezi kuomba radhi. Lazima awepo mtu mwenye uso. Ndiyo digrii yenyewe, miaka minne ya kujifunza kusema samahani.

Glenys: Mimi nimesikia wanatia saini. Kampuni inakusomesha, wewe unakuwa wao mpaka uzeeke. Mama yangu alifuma nguo katika jengo lile lile, na hakutoka mpaka mapafu yalipokwisha. Sasa wanawafuga kwa viti vinavyozunguka.

Spana: Wanawanenepesha.

Glenys: Wanawanenepesha, halafu siku moja unasikia kengele ya machinjio.

Breki: Na ile habari ya pai je? Mtu mwingine angefukuzwa siku ile ile!

Hapo mgeni akainua macho, na Breki hakuhitaji kuombwa.

Breki: Mama, wewe si wa hapa, ngoja nikupe. Sisi sote tuna ile programu ya mabasi kwenye simu, inakwambia basi limefika wapi. Miaka miwili iliyopita niko kanisani, tunamzika Harold, rafiki yangu. Kimya. Mchungaji anasema, Harold amekwenda mahali pasipo na njaa. Mara simu zikalia, thelathini kwa mpigo! Natoa yangu, nasoma: JARIBIO JARIBIO. KIRSTY ANATAKA PAI.

Mgeni: Hapana!

Breki: Abiria elfu arobaini, mama! Mji huu, na Burnley, na Blackburn. Mchungaji mwenyewe kachungulia yake chini ya kitabu.

Spana: Mjane alicheka. Tuseme haki, mjane alicheka.

Mgeni: Lakini ilikuwaje?

Wote wakamtazama Dominic, maana Kirsty alikuwa jirani yake. Dominic akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma dawa aliyoandikiwa mwingine.

Dominic: Wana nyumba mbili za kufanyia kazi, tuseme hivyo. Moja ya kujaribia, haina watu. Nyingine ndiyo yenye abiria wa kweli. Kwa macho zinafanana. Alidhani yuko kwenye ile tupu. Ilikuwa karibu saa saba, ana njaa, kaandika lililokuwa kichwani.

Spana: Kila kosa lina tumbo.

Mgeni: Akafukuzwa?

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Jioni ile ya pai Kirsty alilia kwenye ngazi za uani mpaka mama yake akaleta blanketi, na Dominic, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alisimama upande wa pili wa ukuta akisikiliza. Alisikitika, ndiyo. Lakini chini ya masikitiko kulikuwa na kitu kingine kinachopiga makofi, na alikisikia vizuri. Kesho yake Kirsty akarudi kazini akitarajia barua ya kufukuzwa. Wakaketi watu wanane chumbani. Hakuna aliyeuliza nani kafanya. Waliuliza mlango ule ulikuwaje wazi kiasi kwamba mwanagenzi wa mwaka wa pili aweze kuupita akiwa na njaa. Kisha wakampa yeye mwenyewe kazi ya kuweka kufuli.

Dominic: Hakufukuzwa. Walimwambia atengeneze kinga. Wiki tatu alikuwa juu yake, na fundi mkubwa pembeni anamwonyesha. Sasa ukitaka kutuma ujumbe kwa abiria, mtu wa pili lazima auone kwanza na kukubali. Akaiandika yote, kosa na dawa yake, ikaingia kwenye faili lake la digrii. Ndiyo kazi kubwa anayomweleza mtahini leo.

Breki: Yaani kakosea mbele ya watu elfu arobaini na wamempa alama?

Dominic: Wamempa alama.

Mwezi uliotangulia, Dominic naye alikuwa amekosea. Kazi yake ni kuzunguka duka kubwa alfajiri akiokota vitu vya wateja wanaoagiza kwa mtandao, na katika kapu la bibi mmoja wa Oswaldtwistle aliweka maziwa ya mbuzi badala ya maziwa ya shayiri. Hakuna aliyeuliza rafu zilipangwaje. Alipewa barua ya onyo na akatakiwa kutia saini mahali palipoandikwa jina lake. Alipofika nyumbani aliiangalia barua ile, akamkumbuka Kirsty na kufuli lake, na akamchukia kwa siku nzima, bila sababu yoyote ambayo angeweza kuisema kwa sauti.

Spana alikuwa anahesabu kitu kwenye vidole.

Spana: Jamani. Subirini. Hamjajiuliza kwa nini pai?

Breki: Alikuwa na njaa, si umesikia?

Spana: Njaa! Elfu arobaini wanaambiwa pai, saa ya chakula cha mchana. Glenys, siku ile pai zako za viazi zilikwisha saa ngapi?

Glenys akaweka kitambaa chini.

Glenys: Saa saba na robo. Sijawahi kuona. Walipanga foleni mpaka kwa muuza viatu.

Spana: Aha! Halafu mnasema bahati mbaya. Yule binti alikula njama na wauza pai!

Glenys: Muuza pai ni mimi, we Aslam!

Spana: Sisemi wewe. Nasema wakubwa wa pai. Kosa limepangwa, kufuli limepangwa, alama zimepangwa. Angalia sasa, anamaliza leo. Mwenye wivu ajinyonge!

Breki: Sasa unamsifu au unamlaumu?

Spana: Namlaumu! Hakuuliza mtu, alipopata barua akakubali tu, siku ile ile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Breki: Mbona lake zima?

Spana: Linakuja. Guu halina haraka.

Dominic akatazama chai yake. Methali ile alikuwa ameisikia hapo hapo, kwenye benchi hilo, miaka minne iliyopita. Barua za Thornclough zilikuwa zimekuja mbili, asubuhi moja. Moja iliingia mlango wa akina Entwistle na nyingine mlango wa akina Haworth. Watu mia tatu waliomba nafasi zile, na wao wawili, ukuta kwa ukuta, walikuwa miongoni mwa sita waliopata. Kirsty alijibu kabla ya kumaliza kifungua kinywa. Dominic akaileta yake benchini. Spana akasimulia rangi ya mistari. Breki akasema kijana mwenye kichwa kama kile kuitwa mwanagenzi ni sawa na kulifungia basi la ghorofa kwenye punda, aende chuo kikuu cha kweli, chenye mnara. Glenys alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Dominic alipoikataa ile nafasi alimpa pai bila kulipa. Hakuwa amelazimishwa. Alikuwa ameupenda ule mnara, na pai ilikuwa tamu.

Na sasa barua nyingine ilikuwa mfukoni. Mwezi wa tatu aliomba tena, kimya kimya. Akafanya mitihani yao, akaketi siku nzima na vijana wa miaka kumi na minane wakishindana kupanga ratiba ya basi la uongo, na akashinda. Digrii yake ya historia haikumzuia, kwa kuwa mwenye digrii huruhusiwa uanagenzi mradi ufundi uwe mpya kwake. Miaka minne kuanzia sifuri. Kilichomzuia kidole kwa siku sita kilikuwa mstari mmoja chini ya ukurasa: Atakayekuongoza mwaka wa kwanza ni Kirsty Entwistle. Ndiyo maana Kirsty alijua habari ya barua bila kuambiwa naye. Dominic angekaa kando yake. Angemwonyesha kazi yake, na Kirsty angekuwa yule mtu wa pili anayesema ndiyo au hapana. Kirsty, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha sehemu na desimali, kwenye ngazi zile zile za uani.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na nne. Mgeni akaweka kikombe chake chini ya benchi.

Mgeni: Samahani, jamani. Mimi naitwa Lorna, natoka Clitheroe. Nimefurahi kuwasikiliza, maana kwangu kuna jambo kama hilo. Nina binti, Rosalind, ana miaka kumi na minane. Amepata barua mbili, nimezibandika kwenye mlango wa friji. Moja ya chuo kikuu, moja ya uanagenzi kama huu wa Kirsty. Hatulali nyumbani. Ninyi mna umri na mmeona mengi. Nimwambie achukue ipi?

Spana akafungua mdomo. Wote walimwona akiufungua. Halafu jicho lake likateleza likamwangukia Dominic, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Breki akakohoa. Hakukuwa na mtahini wa kumletea maji.

Ungesema chuo kikuu, na Msomi yule pale, na fulana ya duka chini ya koti, jina lake limebandikwa kifuani. Ungesema uanagenzi, basi asubuhi nzima umeongea nini, na miaka minne iliyopita ulimwambia nini huyu mtoto? Spana akainamia mikono yake. Breki akasoma bango la muuza viatu ambalo amelisoma kila siku tangu astaafu. Mvua ikasikika kwenye turubai, jambo ambalo halijawahi kutokea pale saa za kazi.

Lorna: Nimesema vibaya?

Glenys: Hapana, mpenzi. Hujasema vibaya.

Glenys akachukua kikombe cha Lorna amwongeze, kwa kuwa mkono ukishika kitu moyo hupata pa kujificha. Akafungua bomba la birika. Likatoa matone mawili, likapiga mluzi, basi.

Glenys: Chai imekwisha.

Kisha, bila kuinua macho, akasema neno ambalo Dominic hakulitarajia kutoka kwake.

Glenys: Msomi wetu alitusikia sisi. Kirsty hakutusikia. Guu lililovunjika ni la nani, nyie wenyewe mnaliona.

Dominic alidhani atafurahi kusikia hivyo. Alikuwa amelingojea neno lile miaka minne. Lakini lilipofika halikumpa kitu, isipokuwa kuona kwamba wazee hawa walikuwa na kijicho kile kile cha kwake, wamekifuga siku nyingi zaidi, na hakikuwa kimewapeleka hata kituo cha pili. Breki na saa yake inayochelewa. Spana na ndoo yake. Aliona pia nafasi yake kwenye benchi, upande wa mvua, jinsi mbao zilivyoanza kubonyea kwa umbo lake.

Akatoa simu. Saa sita kasoro dakika sita. Akaifungua barua, akashuka mpaka chini, akapita jina la Kirsty bila kulikwepa, akabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena.

Breki: Umefanya nini hapo?

Dominic: Nimejibu.

Glenys: Harusi ya Preston?

Dominic: Hakuna harusi. Nimekubali kutumwa rangi ya mistari. Naanza Septemba, kwa Kirsty.

Hakuna aliyecheka. Spana akamtazama kwa muda, akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena. Ilikuwa ndiyo samahani kubwa kuliko zote alizowahi kutoa katika maisha yake.

Spana: Wakikutuma kweli, mwanangu, usizunguke mji mzima. Ingia nyumbani kwangu ukae, unywe chai, urudi jioni useme umekosa.

Lorna akasimama, maana gereji walikuwa wanampungia mkono. Akamtazama Dominic.

Lorna: Na Rosalind?

Dominic: Mwambie achague mwenyewe, mama. Na asilete barua hapa.

Lorna akaondoka akicheka kidogo, na Glenys akaanza kukusanya vikombe. Saa sita na dakika tatu simu zikalia benchini, tatu kwa mpigo, kama siku ile ya Harold. Breki akaruka kuitafuta yake. Ilikuwa programu ya mabasi ikisema njia ya Burnley imechelewa kwa sababu ya mvua, ujumbe safi, uliopita mikono ya watu wawili. Lakini ya Dominic ililia mara ya pili, peke yake, na huo ulikuwa wa kwake.

Kirsty alikuwa ameandika: Nimetoka. Nadhani nimepita. Nimeona umekubali. Nina njaa, leta pai.

Kile kijicho kikamchoma tena, pale pale, kama kawaida yake. Dominic akasimama, akaenda dirishani, na akamwomba Glenys pai mbili.